Viatu vya Kapita

Zamani zile, ukitaka kumkasirisha Hippolyte ulimwita chef. Alikutazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye ugali, kisha akakuuliza taratibu: "Chef ya nini? Chef ya jikoni?" Ilibidi ujirekebishe haraka na kumwita Kapita, na hapo ndipo ulipojuta kweli, kwa sababu ukishalitaja neno hilo hukuruhusiwa kuondoka uani kwake mpaka umesikia lilikotoka, toka mwanzo, bila kuruka hata kituo kimoja.

Kwenye karatasi za ofisi ya mji alikuwa chef d'avenue, mkuu wa kijia kimoja katika mtaa wa Lumumba, hapa Bunia, mashariki ya Kongo: nyumba arobaini na tatu za udongo na mabati, zikipanda kilima kidogo kutoka kwenye mfereji hadi kwenye mikaratusi minne ya juu. Ofisi ilimpa mhuri na daftari. Cheo chenyewe hakikutoka ofisini. Kilitoka kwa baba yake, aliyekuwa kapita wa vibarua wa barabara wakati wa Wabelgiji, kipande cha kutoka Bunia kwenda Bogoro. Wanaume thelathini wenye majembe na sepetu walifukia mashimo na kuzibua mitaro kwa amri yake, na kila alfajiri aliwaamsha kwa kugonga jante, ule mviringo wa chuma wa gurudumu, uliotoka kwenye lori lililopinduka huko njiani. Alipostaafu alijenga Lumumba, akaitundika jante kwenye mkaratusi, na vibarua wake nao wakajenga kumzunguka, kwa mazoea tu nadhani, kama watu wasiojua tena kuamka bila kugongewa. Alipofariki jante ilibaki, na Hippolyte akabaki nayo. Hakuna aliyepiga kura. Jumamosi ya kwanza baada ya matanga aligonga mara tatu, watu wakatoka na majembe kwenda salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha njia, na mambo yakawa yamekwisha. Alikuwa kapita.

Sasa hilo neno. Hippolyte alipenda kulieleza akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, mgeni akiwa amesimama na karatasi yake inayosubiri mhuri. Alisema neno limetoka baharini, upande jua linakozama, kwa Wareno, ambao mkuu wa meli yao walimwita hivyo. Padri mmoja aliyemfundisha katekisimu alimwambia kwamba hata Wareno wenyewe waliliokota kwenye Kilatini, na kwamba huko maana yake ni kichwa. "Kichwa!" alisema, akijigonga utosini kwa kidole. Kutoka pwani lilipanda na mto, likaingia misitu, likafika huku kwetu kwenye midomo ya wapagazi. Babu yake alikuwa kapita wa wapagazi, na hapa sauti ya Hippolyte ilishuka, maana sehemu hii aliipenda kuliko zote. Mzungu alitembea mbele ya msafara, mwenye bunduki alitembea katikati, na kapita alitembea nyuma kabisa, ili mtu akianguka na mzigo wake asiachwe njiani. Ndivyo alivyosema. Babu huyo mimi sikumwona, kwa hiyo siwezi kuapa.

Kulikuwa na vituo ambavyo Hippolyte alivipita bila kusimama, na mkewe Émilienne alivijua vyote. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, hasemi neno, halafu mgeni alipotaka kuaga alitupa moja tu: "Baba Mathieu, ongeza na ya Kilo." Mathieu ni mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi Kisangani. Na Kilo ni kule kwenye dhahabu, ambako babu yake Émilienne alichimba chini ya kapita mwenye fimbo, akarudi nyumbani na mgongo uliojaa makovu. Kuna bibi wa Djugu ambao hadi walipozeeka wakisikia neno kapita walitema mate. Kuna pande nyingine za nchi, wakati watu walipolazimishwa kugema mpira porini, ambako kapita alikuwa ndiye mwenye kuleta bunduki kijijini, na jina lake lilitumiwa kutishia watoto. Hippolyte alijifanya hasikii. Alichukua mhuri, akaupulizia pumzi, akagonga.

Aliyeweza kumkatiza usoni alikuwa mtu mmoja tu, Mama Honorine, mjane wa nyumba ya tano kutoka mferejini. Honorine aliuza makayabu, samaki wa chumvi wanaotoka Kasenyi, ziwani, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa ugonjwa usioeleweka, hivyo alipanda kile kilima polepole, akipumzika kila baada ya nyumba tatu na kusalimia kila mlango. Alikuwa na ulimi, na alimpenda Hippolyte kama watu wanavyowapenda majirani wanaowachosha.

"Miye ndiye nauza chumvi hapa," alimwambia siku moja mbele ya watu, "lakini weye unaitia kuliko miye. Wareno, meli, Kilatini! Kapita, sikiliza. Kwangu miye kapita ni mutu mwenye analala na viatu, ili siye bengine tulale bila viatu. Basi. Ile ingine yote ni mambo ya kitabu."

Watu walicheka. Hippolyte naye alicheka, lakini neno lilimkaa. Na nitasema jambo moja la kumtetea, kabla sijafika mahali ambapo sitamtetea: wakati ule ilikuwa kweli. Vita vilipoanza kuzunguka Ituri alikuwa analala na viatu vyake vyeusi vya ngozi, kamba zikiwa zimefungwa, na Émilienne alilalamikia mashuka mpaka akachoka.

Jante nayo ilikuwa na lugha yake, na mtoto wa miaka mitano wa avenue ile aliijua. Mara tatu ilikuwa salongo. Mbili, kimya, mbili, ilikuwa msiba. Na kugonga mfululizo bila kupumua ilikuwa kwamba watoke, waache kila kitu. Mwezi wa nane wa mwaka 2002, mji ulipopiganiwa, Hippolyte aliona vumbi na watu wanaokimbia kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu nyumba yake ilikuwa juu kabisa. Aligonga mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Nyumba arobaini na tatu zikatoka, zikapita nyuma ya mikaratusi, zikashuka bondeni. Waliporudi baada ya siku sita walikuta mabati yameng'olewa na masufuria yamekwenda, lakini walipohesabiana hakukosekana hata mmoja. Avenue za jirani zililia kwa wiki nyingi. Honorine alipanda kilima na makayabu mkubwa kuliko wote aliokuwa nao, akamwekea mapajani, hakusema mzaha wowote siku hiyo.

Tangu hapo watu wa avenue ile waliacha kukimbia ovyo. Masasi yalilia kila siku, mbali, karibu, na huwezi kukimbia kila siku ukiwa na watoto na wagonjwa. Walisubiri jante. Walipika, walinyonyesha, walinyoana nywele huku bunduki zinalia upande wa pili wa mji, na mgeni akishangaa walimwambia: jante haijasema.

Mwanzoni mwa 2003 mji ulibadili mikono tena. Kila waliouingia walikuja na vyeo vyao, na kila mara vilikuwa vikubwa kuliko vya waliotoka: makomanda, maprezida, wasimamizi wakuu wa hiki na kile. Safari hii wakubwa wapya waliita mkutano uwanjani na kutangaza kwamba kila avenue itakuwa na président. Wa kwetu akatajwa kuwa Fabien, fundi wa redio, kijana wa miaka ishirini na sita aliyejua Kifaransa kizuri na ambaye hakuwa ameomba chochote. Hippolyte alisimama, akavua kofia, akauliza kwa adabu kapita atafanya nini sasa. Yule mkubwa hakumtazama hata usoni.

"Kapita?" alisema. "Ile ni mambo ya ukoloni. Imekwisha. Muzee, kaa chini."

Wengine walicheka. Si wengi, na huenda walicheka kwa woga tu, lakini Hippolyte alisikia kila kicheko na alijua kila koo kilikotoka. Akakaa chini. Akavaa kofia yake. Miaka sabini na moja ya baba na mtoto, kwa hesabu yake mwenyewe, ilikwisha kwa maneno mawili, kaa chini, mbele ya watu aliowaokoa miezi sita tu nyuma.

Alasiri ile ile alipanda kwenye mkaratusi kwa ngazi, akaishusha jante. Kamba yake, kamba nzuri ya nailoni, akamfungia mbuzi. Jante akaiviringisha ndani na kuisukuma chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la nguo. Kisha akavua viatu, akavipangusa, akaviweka juu ya kabati. Émilienne alimtazama tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Baba Mathieu, ile jante si ya ofisi," alisema.

"Ndiyo maana," alijibu Hippolyte. "Ni ya baba yangu. Iko ndani ya nyumba ya baba yangu."

Fabien alikuja baada ya siku tatu. Alikuja vizuri, niseme ukweli, amenyoosha shati, ameleta kilo ya sukari, na alisimama mlangoni mpaka alipokaribishwa.

"Papa Kapita," alisema, "miye sikutafuta hii kazi, unajua. Banipatia filimbi, lakini filimbi batu habaisikie. Siye benyewe hapa tunajua jante. Tunaomba uirudishe pale juu. Na ukitaka, weye mwenyewe uendelee kuigonga. Miye nitabakia na karatasi tu."

Hapo mambo yote yangekwisha. Kijana alikuwa amempa kazi yake mikononi, na kilichobaki kwa Fabien ni jina tu. Hippolyte aliujua wema huo, na ndio uliomuuma zaidi, kupewa kwa hisani kitu kilichokuwa chake.

"Président," alisema, akilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu, "kila cheo iko na chombo yake. Kapita alikuwa na jante. Weye bakupatia filimbi. Piga filimbi yako."

Fabien aliinamisha kichwa, akaacha sukari, akaondoka. Sukari ile haikunywewa. Émilienne aliigawa kwa majirani kwa sababu, alisema, ilikuwa inamkaba.

Wa mwisho kuja alikuwa Honorine. Ilimchukua karibu saa nzima kupanda, miguu ilikuwa imezidi, na alifika jasho likimtoka. Hakukubali kiti.

"Kapita, weka kinyongo yako yote unayotaka," alisema. "Uko na haki. Balikukosea heshima, hata miye niliona. Lakini angalia hii miguu. Bengine bakisikia masasi banaweza kukimbia, bakose, barudi, bakimbie tena. Miye niko na kukimbia moja tu. Siwezi kuitumia bure. Miye sitoki mupaka jante iseme. Unasikia?"

"Jante ilistaafu," alisema Hippolyte. "Enda kwa président."

Honorine alimtazama miguuni. Hippolyte alikuwa amevaa sapatu za plastiki, vidole vikiwa nje.

"Minaona," alisema, akageuka kushuka kilima.

Hippolyte alitamani kumwita. Alikuwa tayari amefungua mdomo. Lakini kununa ni kazi, na yeye alikuwa mtu wa kufanya kazi yake mpaka mwisho, kwa hiyo alifunga mdomo na kuketi. Alijiambia atairudisha jante siku watakapokuja wote, nyumba arobaini na tatu, kumwomba. Aliiona siku hiyo kichwani mwake: nani angesema kwanza, yeye angekataa mara ngapi, ni vipi mwishowe angekubali kwa kichwa tu, bila neno. Miezi miwili alikaa kwenye kiti chake cha kamba akiisubiri siku ile. Watu walikuwa na njaa, walikuwa na wafu huko Bogoro na Djugu, walikuwa na wageni waliokimbia vijiji na kulala jikoni mwao. Hawakuwa na nafasi ya kupanga maandamano ya kumbembeleza mtu.

Mwezi wa tano wanajeshi wa nchi jirani waliokuwa wameushika mji waliondoka, na ndani ya siku chache Bunia ikawa haina mwenyewe. Asubuhi moja, saa moja na nusu, Hippolyte alikuwa anapiga mswaki uani pale aliposikia milio mingi kuliko ya kila siku. Akainua macho. Ng'ambo ya mfereji aliona watu wanakimbia, kwanza wachache, kisha umati, wanawake wenye magodoro kichwani, na nyuma yao vumbi, na ndani ya vumbi wanaume waliokuwa wanatembea tu, hawana haraka. Aliona vizuri sana, kama mara ile ya mwezi wa nane. Akatazama chini kwenye avenue yake. Moshi wa jikoni ulikuwa unapanda kutoka nyumba baada ya nyumba. Mtu alikuwa anachota maji. Mtu alikuwa anachana nywele za mtoto kizingitini.

Émilienne alitoka mbio. "Baba Mathieu, gonga!"

Na hapa ndipo nisipomtetea. Hippolyte alisimama na mswaki mkononi, akasema, "Ngoja. Président atawaita."

Hakuwa mtu mwovu. Alitaka kusikia filimbi tu. Alitaka, mara moja tu, isikike jinsi filimbi ile ilivyo ndogo, watu wajue tofauti, kisha yeye agonge. Alijiambia dakika mbili. Fabien hata hakuwepo. Wakubwa wake walikuwa wamemwita alfajiri upande wa Shari, na Hippolyte hakujua, kwa sababu miezi miwili hakuwa amemuuliza mtu habari yoyote. Akangoja filimbi ambayo haikuwa na mpigaji. Dakika mbili zikawa tano. Zikawa zaidi ya tano. Émilienne alimshika shati, akamtikisa, akamwita kwa jina lake la ubatizo jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, na alipoona hasogei aliingia ndani mwenyewe, akapiga magoti, akaanza kuivuta jante kutoka chini ya kitanda. Sauti ya chuma kikisuguana na sakafu ndiyo iliyomzindua.

Waliitoa pamoja. Kisha wakasimama nayo uani, wakitazamana, maana kamba ilikuwa kwa mbuzi, na mbuzi alikuwa amekwishakata na kukimbia nayo. Hippolyte aliiegemeza jante kwenye shina la mkaratusi na kugonga. Kitu kile ambacho watu waliwahi kukisikia hadi ng'ambo ya mfereji kilitoa sauti ya sufuria lenye ufa. Jante haiimbi ikigusa ardhi. Inataka kuning'inia. Aligonga, akagonga, akaibeba begani akamwambia Émilienne agonge, naye akagonga hali analia, na waliosikia ni nyumba nane, labda kumi za juu. Hao walitoka. Hao waliwaita waliofuata kwa mayowe, na hivyo mayowe yakashuka mlango kwa mlango, polepole, kama Honorine alivyokuwa akipanda. Yalipofika nyumba ya kumi na mbili kutoka mferejini, wale wanaume wa vumbi walikuwa wameshavuka.

Walikimbilia upande wa uwanja wa ndege, kwenye hema za Umoja wa Mataifa, pamoja na maelfu ya wengine, na huko walikaa chini ya plastiki kwa wiki kadhaa, mvua ikinyesha, mpaka askari wa kigeni walipokuja na mji ukapata pumzi. Hippolyte hakusema habari za Wareno huko. Hakusema habari yoyote. Waliporudi walihesabiana kama zamani, na safari hii hesabu haikutimia. Walikosekana saba, wote wa nyumba za chini. Honorine alikuwa mmojawapo.

Fabien ndiye aliyemzika. Alikuwa amerudi kutoka Shari kwa kukimbia siku ile ile, akajificha mferejini mpaka jioni, kisha yeye na wanaume wawili wakachimba kaburi hapo hapo uani kwa Honorine, kando ya meza yake ya samaki. Hiyo haikumsaidia. Bintiye Honorine, Mireille, alipofika kutoka Beni kwa matanga, uani palikuwa pamejaa watu, na watu walikuwa na neno moja tu mdomoni: président hakupiga filimbi. Président alikuwa wapi? Président alijua, ndiyo maana hakuwepo. Fabien alikaa kwenye tofali karibu na ua, mikono katikati ya magoti. Na walipomaliza kumsema waligeuka kwa Hippolyte, na wakasema jambo alilolisubiri miezi miwili kwenye kiti chake. Walisema: "Kapita, turudilie. Siye tulikosa. Kapita ni weye tu."

Lilikuwa limesemwa karibu kama alivyoliota. Walikuwepo hata wale waliocheka uwanjani. Hippolyte alijua kwamba akikubali kwa kichwa tu, bila neno, itakuwa imekwisha, naye atakuwa kapita mpaka kufa, na yule kijana atahama mji.

Mireille alimgeukia. "Papa Kapita, mama aliniambia kwa telefone, batu habakimbie bure huku, siye tuko na jante. Ile siku, jante ililia?"

Émilienne alitazama chini. Hippolyte alisimama, akavua kofia, kama siku ile ya uwanjani.

"Haikulia," alisema. "Ilikuwa chini ya kitanda yangu. Niliona batu ya bunduki banakuja. Niliwaona muzuri sana. Nilikuwa nangoja Fabien apige filimbi ili batu bamucheke. Fabien alikuja kwangu kuomba jante, nilimukatalia. Mama yako alikuja na ile miguu yake, nilimukatalia. Hii si kosa ya Fabien. Ni yangu miye."

Mtoto mmoja alianza kulia, mama yake akamnyonyesha haraka. Kutoka kwenye tofali lake, Fabien alizungumza kwa mara ya kwanza, na hakumtazama mtu.

"Tulimukuta kwa kiti, pale mulangoni," alisema. "Alikuwa amefunga vitu yake ndani ya kitambaa, iko kwa mapaja. Alikuwa amevaa viatu. Ile ya kanisa. Sijui aliingizaje miguu ile ndani. Amefunga na kamba. Tulimuzika nayo."

Mireille alifunika uso. Hippolyte alibaki amesimama, kofia mkononi, na hakujua aende wapi. Mwishowe alisema kwamba hawezi tena kuwa kapita, kwamba hastahili, watafute mtu mwingine, yeye atawaachia jante na kila kitu. Alisema mengi. Mireille aliondoa mikono usoni.

"Sikukuuliza kama unastahili," alisema. "Nakuuliza kamba ya jante iko wapi."

Kamba ilipatikana. Jante haikurudi kwenye mkaratusi. Ilitundikwa chini, karibu na mfereji, kwenye nguzo mbele ya nyumba ya Honorine, na nyundo ilifungwa hapo hapo kwa waya, ili yeyote aonaye kitu agonge bila kumwomba mtu. Walikubaliana hivyo, na ni Hippolyte aliyependekeza. Fabien alirudi kwenye redio zake. Jumamosi Hippolyte hushuka kilima chote kugonga zile tatu za salongo, na kabla ya kugonga husimama kidogo mbele ya ule mlango. Wapo waliomsamehe na wapo ambao hawajibu salamu yake mpaka leo, naye huwasalimia wote vilevile.

Neno bado hulieleza, ila si kwa kujigamba, na ni mpaka aulizwe. Huanza na meli, hupita kwa wapagazi, na siku hizi husimama kwenye kila kituo: hutaja bunduki za wakati wa mpira, hutaja fimbo ya Kilo na mgongo wa babu wa mkewe. Akifika kwa baba yake hutaja barabara ya Bogoro. Kisha hutaja kapita wa mwisho, aliyeona watu wanakuja akasubiri filimbi, na hapo hunyamaza, na mgeni akiwa hajui huuliza huyo alikuwa nani.

Vita viliisha, au vilihamia kwingine. Hippolyte ni mzee sasa, na viatu vile vyeusi vimeshonwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Émilienne hufua mashuka kila wiki, matope ya kilima hayatoki vizuri, na majirani wameshamuuliza kwa nini hamwambii mumewe avue viatu kabla ya kulala. Anasema alimwambia mara moja, na Hippolyte akamjibu kwamba hapana, Mama Honorine bado amevaa vyake.